Anti, shangazi amenitumia sale baada ya kusikia maneno yake kwenye hadithi yangu ya anga

Shikamoo Anti. Mi ni kijana wa miaka 27, nipo Moshi mjini, nina kibanda cha kutengeneza simu karibu na stendi, nabadilisha vioo na mifumo ya chaji, na zile simu zilizozama kwenye ndoo ndo kazi ninayoipenda zaidi. Usiku naandika simulizi. Za mapenzi hapana, naandika za sayansi ya kubuni, mambo ya anga na mashine, na kwakweli nilijua hakuna atakayesoma maana watu wamezoea zile za kufumaniana, ila sasa hivi grupu langu la WhatsApp lina watu 140 wanaolipa buku mbili kwa mwezi, natuma sehemu moja Jumanne na nyingine Ijumaa, nikichelewa natukanwa vizuri tu.

Hadithi yenyewe ni ya mwaka 2131. Barafu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, imeisha zamani, vijiji vyote chini vimekauka, na juu ya mlima kunaelea kituo kikubwa kinachokamata maji kwenye mawingu na kuyashusha kwa bomba. Humo kuna mtoto yatima wa miaka 11 anaitwa Manka. Mkuu wa kituo ni mama mmoja mkali ambaye Manka akikosea anamfungia chumba cha matenki, gizani, anamwambia "Kaa humo uhesabu mpaka nikuite." Basi Manka anahesabu. Anahesabu mapigo ya pampu. Na siku pampu namba tatu inapoanza kuchelewa kidogo tu, kitu ambacho kompyuta hazijakiona, yeye ndo anasikia, kwa sababu amekaa na zile pampu gizani kuliko mtu yeyote mle ndani. Hapo ndo nimefika, sehemu ya 14, watu wamepagawa.

Sasa shida ni kwamba kile chumba ni cha kweli Anti. Wazazi wetu walifariki nikiwa na miaka saba, mdogo wangu ana miwili, tukapelekwa kwa shangazi kule Uru. Shangazi alikuwa mjane tayari, na watoto wake wanne. Nikikosea, mfano siku niliyokula mayai ya kuuza, alikuwa ananifungia stoo ya mahindi yeye anashuka sokoni Mbuyuni, na maneno yake ni hayohayo, kaa humo uhesabu mpaka nikuite. Siku moja nilifika elfu kumi na moja. Kulikuwa na panya, kulikuwa na joto la bati, na ile dawa ya mahindi mpaka leo nikipita duka la pembejeo koo linakauka. Kuna ubao mmoja ulikuwa umechomoka ukutani upande wa mfongo, ule mfereji wa maji, bibi mmoja jirani mpika mbege, pombe ya ndizi, alikuwa akipita kuchota maji ananiuliza "umefika ngapi?" ananipitishia ndizi ya kuchoma afu anaendelea na safari zake. Basi ndo maisha yalivyokuwa. Nilipofika miaka 13 fundi mmoja wa mjini akanichukua nimsaidie kazi, nikashuka, sijarudi kuishi kule tena. Mdogo wangu alibaki.

Huyo mdogo wangu sasa ana 22, yupo Arusha, anasukuma mkokoteni soko la Kilombero na hela yote inaishia kwenye gongo. Nilimwingiza kwenye grupu bure. Alisoma sehemu zote usiku mmoja afu akaniandikia meseji moja tu: "Mbona mimi sipo." Nikamjibu ni hadithi tu dogo. Hajajibu mpaka leo, wiki ya tatu hii.

Shangazi naye. Alishuka mjini kusukwa, saluni anapofanya kazi binti yake, na mle saluni kuna dada yupo kwenye grupu langu, huwa anawasomea wenzake kwa sauti. Alipofika kwenye "kaa humo uhesabu" shangazi akanyanyuka akaondoka, kichwa kimesukwa nusu. Mi sikujua lolote. Nimejua wiki iliyopita binamu alipokuja kibandani na jani la sale, lile letu Wachaga la kuombea msamaha, limefungwa fundo, akaliweka juu ya meza yangu ya kazi, akasema mama amesema nikuletee hili, akaondoka bila hata kukaa. Lipo hapa mpaka sasa, pembeni ya mashine ya kupulizia hewa ya moto, limeanza kujikunja.

Anti we unajua sale si kitu cha kukataa. Ila sijui nikipokea ndo nimekubali kufuta hadithi? Rafiki yangu mmoja, naye anaandika, ananiambia nisifute hata nukta, anasema shujaa bila mateso si shujaa, kwamba ile stoo ndo imenifanya nilivyo na shangazi nimshukuru tu, afu nizidi kumtesa Manka maana wasomaji ndo wanachotaka. Na kweli wanataka, kuna mmoja ameandika "mpe msoto zaidi huyo mtoto". Mi mwenyewe kwa kiasi fulani naamini, maana bila ile stoo nisingeweza kukaa masaa manne na simu moja bila kunyanyuka. Ila nikimwangalia mdogo wangu, nyumba ileile, stoo ileile, nashindwa kuelewa. Mbona yeye haikumfanya shujaa?

Fundi Simu, Moshi

* * *

Marahaba mwanangu fundi. Barua yako nimeisoma jana asubuhi nikiwa kwenye daladala, nikairudia jioni, na leo nimeisoma nikiwa na penseli mkononi kama enzi zile nasahihisha insha. Kuna mstari mmoja nimeuzungushia duara, ntakuja kuuonyesha. Ila tuanze na sale maana yenyewe inakauka.

Mi kwetu Arusha lakini nimeolewa Machame, mwaka wa 31 huu, kwahiyo sale naijua kwa kutumwa nayo na kwa kutumiwa. Mume wangu na kaka yake waligombea mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, miaka sita hawasalimiani hata msibani, siku sale ilipoletwa waliongea. Umesema kweli, haikataliwi. Lakini sale inaomba msamaha, haijawahi kuwa mkataba wa mtu kufunga mdomo. Aliyeituma ndo anakiri kuna kitu. Sasa fikiria, huyu mama amesikia sauti yake mwenyewe ikisomwa saluni, mbele ya watu, na katika vyote alivyoweza kufanya, angeweza kukutukana kwenye simu, angeweza kuita ukoo aseme we ni mtoto asiye na shukrani, na wangemsikiliza, yeye akatuma sale. Wewe uliyefungiwa ndo umeombwa msamaha. Mi ningekuwa wewe ningekaa kitako kidogo na hilo kabla ya kuhangaika na kufuta.

Ila inawezekana pia anaomba mambo mawili kwa jani moja, nisamehe ya zamani na niachie heshima yangu ya sasa. Hilo hulijui mpaka upande. Jumapili hii panda Uru, beba sukari na majani ya chai, mwambie sale nimeipokea. Afu umuulize unaniomba nini shangazi, na unyamaze. Usimsaidie kujibu.

Kuhusu hadithi, maoni yangu ni haya na rafiki yako akasirike. Stoo ni ya kwako, utotoni mwako ulikaa mle wewe, hakuna mtu ana haki ya kukwambia usiandike giza ulilokaa. Ila yale maneno, "kaa humo uhesabu mpaka nikuite", yale ni kama alama ya kidole gumba chake. Watu wa Uru wakiyasikia wanajua ni nani. Kwahiyo chumba cha matenki kibaki, yale maneno mbadilishie yule mkuu wa kituo, aongee kama mtu wa 2131. Ukiona umebadilisha sentensi moja na hadithi ikafa, basi hadithi haikuwa hai tangu mwanzo.

Na hapohapo niseme kitu wasomaji wengine wasije wakanielewa vibaya. Mtoto kufungiwa stoo kutwa nzima ni ukatili, mwaka 2009 tulitunga Sheria ya Mtoto na inakataza kabisa, na kama wewe unayesoma hapa unajua mtoto anayefungiwa hivi sasa hivi piga 116, ni bure, usisubiri akue aandike simulizi.

Tuje kwa huyo rafiki yako na falsafa yake ya msoto.

Shujaa bila mateso si shujaa. Haya. Wewe unapenda mambo ya anga, bila shaka Star Wars umeiangalia hata kwa yule jamaa wa muvi zilizotafsiriwa. Ile ya kwanza kabisa, ya 1977, kuna kijana Luke, yatima, analelewa na mjomba na mkewe kwenye jangwa la Tatooine, kazi yao kuvuna maji kutoka kwenye hewa, karibu sawa na kituo chako. Maisha yao ni magumu, mjomba mkali, kijana analalamika hapelekwi shule na wenzake wameondoka. Ila mezani kuna chakula, na yule mama anamtetea kwa mumewe kwamba huyu mtoto hakuumbwa kulima. Sasa nenda ile ya 1999, jangwa ni lilelile, mtoto mwingine, Anakin, miaka tisa, mtumwa, yeye na mama yake wanamilikiwa na mwenye duka la vyuma chakavu. Mtoto fundi huyo, ana mikono kama yako, anatengeneza kila kitu. Wanakuja wakubwa wanaona kipaji, wanamkomboa yeye peke yake, mama anabaki utumwani. Anaporudi miaka kumi baadaye, kwenye ile ya 2002, mama ametekwa na anafia mikononi mwake, na kijana anachinja kijiji kizima cha waliomteka usiku uleule. Huyo ndo anakuja kuwa Darth Vader, yule mbaya wa ile ya kwanza, na Luke ni mwanae wa kumzaa.

Jangwa moja, vumbi moja. Kama msoto ndo unatengeneza mashujaa basi Anakin alitakiwa awe shujaa mara mbili ya mwanae maana msoto wake ulikuwa mkubwa zaidi. Umeona? Swali lako kuhusu mdogo wako wenzako walishaliuliza kwa dola milioni nyingi.

Na kuna mwingine, Ender, kwenye riwaya ya Orson Scott Card ya mwaka 1985. Huyu sitamsimulia sana ila ndo dawa ya rafiki yako, kwa sababu mle ndani watu wazima wanafanya hasahasa anachokuambia ufanye. Wanamchukua mtoto wa miaka sita mwenye akili, wanampeleka shule ya vita angani, na kwa makusudi wanahakikisha wenzake wanamchukia na yeye anaamini hakuna mtu mzima atakayemsaidia hata kama anauawa. Wanasema ndo atakuwa kamanda. Na kweli anakuwa, anashinda kila mchezo, mpaka anagundua mchezo wa mwisho haukuwa mchezo, ameangamiza jamii nzima ya viumbe wenye akili. Mtoto analala siku kadhaa hataki kuamka. Walitaka silaha, wakapata silaha.

Kwahiyo yule anayekuandikia mpe msoto zaidi, mjibu kwa heshima maana analipa, ila usimsikilize. Mateso kwenye hadithi ni kama pilipili ya mtori, ukizidisha mtu anatokwa machozi tu hajui amekula nini.

Sasa ule mstari niliouzungushia duara.

Umeandika barua ndefu fundi. Stoo umeipa sentensi nyingi, panya, joto la bati, dawa ya mahindi. Afu katikati, kwa haraka haraka kama mtu anayeruka mfereji, ukaandika kuna bibi mpika mbege alikuwa anapita ananiuliza "umefika ngapi?" ananipitishia ndizi, na ukafunga na "basi ndo maisha yalivyokuwa". Hapana baba. Rudi hapo. Hapo ndo kuna hadithi yako nzima na umeipita kama unakimbizwa.

Hebu tuifungue kama unavyofungua simu. Shangazi alisema hesabu, na kwake ile ilikuwa adhabu, njia ya kukunyamazisha. Mtoto anayehesabu gizani peke yake bila mtu wa kumpa jibu, akifika mia tatu anaacha, au analia, au anaanza kuhesabu vitu vibaya, mara ngapi mlango umegongwa na siyo yeye, mara ngapi mtu ameahidi. Wewe ulifika elfu kumi na moja. Kwanini ulifika huko? Kwa sababu kuna mtu alikuwa anakuja kuuliza! Ulikuwa unatunza namba umpe. Yaani bibi wa watu na ndoo yake kichwani aligeuza adhabu ikawa kazi, na kazi ina mwenye kuisubiri. Huo utulivu wako wa masaa manne na simu iliyozama, rafiki yako anasema mshukuru shangazi, mi nasema hapana, umemkosea anayestahili. Ule utulivu uliingia kwenye tundu la ubao uliochomoka, ukiwa wa moto, umefungwa kwenye jani la mgomba, nadhani ulikuunguza na vidole.

Na hili sijalitoa kichwani kwangu tu. Kule kisiwa cha Kauai, Hawaii, mtaalamu mmoja Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto 698, wote waliozaliwa mwaka 1955, wakawafuata tangu wachanga mpaka watu wazima kabisa. Kati ya wale waliokulia kwenye dhiki nzito, umaskini, ugomvi, wazazi walevi au wagonjwa, wengi walipata matatizo makubwa, ila kama theluthi moja hivi walikua watu wazima wenye kazi zao na familia zao na roho zao zimetulia. Walipotafuta hao wana nini, moja ya mambo yaliyojirudia rudia ni kwamba walikuwa na angalau mtu mmoja aliyewajali bila kuyumba, na si lazima mzazi, anaweza kuwa bibi, mwalimu, au jirani. Jirani fundi. Kauai hawana mbege lakini mambo ni yaleyale.

Sasa Manka wako hana huyo mtu. Nimelipia buku mbili yangu nikasoma zote 14 (namba yangu haina picha, usinitafute) na mle kituoni hakuna hata mmoja anayepita upande wa pili wa ukuta. Ndo maana sehemu ya 9 mpaka ya 12 zimelegea, samahani kusema, mtoto anateseka, anahesabu, anateseka tena, na mimi msomaji sioni kwanini hajawa kichaa. Ulipofika kwenye pampu namba tatu hadithi ikainuka kwa nguvu, lile jambo la kusikia mashine inachelewa ni zuri mno, nilisimamisha kijiko. Na ni la kweli pia, watafiti wameona watoto waliopigwa sana wanagundua hasira kwenye sura ya mtu mapema kuliko watoto wengine, macho na masikio yao yamefunzwa na hatari. Ila kitu hicho kina bei. Mtoto anayesikia pampu inachelewa hawezi kulala pampu zikizimwa. Akipewa chumba chake kizuri chenye dirisha ataenda kulala chini karibu na mlango. Akisifiwa ataangalia mikono ya anayemsifia. Wewe mwenyewe koo linakauka ukipita duka la pembejeo na una miaka 27, Manka je? Kwenye hadithi yako anatoka gizani akiwa amepata kipaji na hajalipia chochote, kama mtu aliyeokota simu mpya stendi. Mlipishe kidogo. Hapo si kumtesa, ni kusema ukweli wa alichopitia.

Na yule mkuu wa kituo mpe hesabu zake. Kwa sasa ni mkali tu kwa sababu hadithi inataka mtu mkali. Kituo kina maji ya watu wangapi? Sema maji ya watu 40 na ndani wapo 46, na katika hao sita wa ziada wawili ameletewa baada ya mazishi, hakuulizwa. Unanielewa naelekea wapi. Shangazi yako alikuwa mjane, watoto wanne, akaletewa wawili, jumla sita, na kule juu miaka ile wengi walikuwa wamewekeza kwenye kahawa na kahawa bei ilianguka mwanzoni mwa miaka ya 2000 watu wakang'oa mibuni. Yale mayai uliyokula labda ndo yalikuwa sabuni na chumvi ya wiki. Hilo halimtoi kwenye kosa, nimeshasema kosa ni kosa, ila mtu mbaya mwenye sababu anatisha kuliko mtu mbaya wa bure, uliza msomaji yeyote.

Dogo dogo la pembeni, mi ni mkorofi wa mambo haya nivumilie. Umeandika barafu ikaisha na vijiji vyote chini vikakauka. Barafu kuisha ni kweli inaisha, waliopima wanasema kati ya 1912 na 2007 karibu asilimia 85 ilikuwa imeondoka, na UNESCO wametabiri itakwisha ifikapo 2050, kwahiyo mwaka wako 2131 umekaa sawa kabisa. Lakini maji yanayoshuka kwenye mifongo yetu mengi yanatokana na mvua na msitu, siyo barafu. Ukitaka kukausha vijiji, kata msitu. Ongeza aya moja tu, mwaka fulani msitu uliisha, na mzee yeyote wa Uru akisoma atatikisa kichwa aseme huyu kijana anajua.

Mdogo wako.

Hapa naenda taratibu. "Mbona mimi sipo." We umeisoma kama lalamiko la hadithi, ukamjibu ni hadithi tu. Mi nadhani alikuwa haongelei hadithi. Ulishuka na fundi ukiwa na 13, yeye ana nane. Kabla ya hapo ukifungiwa yeye alikuwa nje ya ule mlango, mdogo, anakusikia. Baada ya hapo nani alifungiwa? Na yule bibi wa mbege bado alikuwa anapita, au alikuwa ameshafariki, au ule ubao ulishagongwa misumari? Hujui fundi, barua yako haisemi, na nadhani haisemi kwa sababu hujawahi kumuuliza. Unauliza mbona stoo haikumfanya shujaa kama vile alikaa stoo moja na wewe. Yako ilikuwa na tundu.

Siyo kwamba ulifanya kosa kushuka. Ulikuwa mtoto wa miaka 13, ulipewa mlango ukatoka, mtoto yeyote angetoka, hata Anakin hakufanya kosa kupanda kile chombo. Ila aliyebaki ana haki ya kusema alibaki. Na gongo la Kilombero hutaliondoa kwa hadithi, hilo nisikudanganye, ile ni kazi ndefu, itataka hospitali na watu na pengine miaka, na hata hivyo ni yeye ataamua. Wewe chukua basi la asubuhi, Moshi Arusha si safari, kaa naye pale kwenye mkokoteni wake kabla ya mchana maana baada ya mchana mtu wa gongo humpati, mnunulie supu. Hadithi usiitaje. Muulize tu, dogo, na wewe alikuwa anakufungia? Ulikuwa unahesabu nini? Akisema hakuwa anahesabu chochote, hapo kaa kimya naye.

Akitaka kuwepo kwenye hadithi mwandike, kwa jina atakalochagua yeye. Asipotaka usimwandike. Yeye siyo stoo.

Sehemu ya 15 usitume Ijumaa hii, waombe radhi wale 140, watatukana watapoa. Ukiiandika ianze na giza, pampu, Manka yupo elfu sita na kitu, na upande wa pili wa ukuta mtu anaweka ndoo chini na kuuliza swali. Mi naisubiri.

Na lile jani litoe hapo karibu na mashine ya hewa ya moto bwana, likiungua utamwambia nini binamu yako.

Anti